Kile Kisu cha Alama ya Ndege

Riziki mwanangu,

Sasa hivi uko kanisani na kwaya, banakuombea safari, na mi nimebaki nyumbani kwa uongo. Niliwaambia bamama kichwa kinaniuma. Kichwa changu ni kizima kabisa. Nilitaka tu nyumba ikae kimya nikuandikie, maana mi na we tukifika sentensi ya pili tumeshagombana, na kesho asubuhi sitaki tugombane mbele ya minibasi, bantu bote ba kambi ya Dzaleka banatuangalia.

Sitakuandikia juu ya kula, wala kufua, wala kusali, wala kuchunga ile karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Hayo umeyasikia mpaka umechoka, na mi pia nimechoka kujisikia. Nakuandikia juu ya kisu. Uliniuliza kama kile kisu cha kukunja, kile chenye alama ya ndege, kinafaa kununuliwa, na mi wiki nzima nikakujibu kwa kelele tu. Juzi nikasema bon, acha niende mwenyewe Lilongwe nikakiangalie. Nikarudi mikono mitupu. We ukaniangalia mikono, ukaangalia na kikapu, ukaenda kulala bila kula. Ukasema moyoni, mama amekataa tena. Basi soma hii barua mpaka chini, usiruke mistari vile unarukaga meseji zangu.

Kwanza ujue kwamba mi naelewa kisu hiki si cha urembo. Yule mama Mmalawi mwenye kitalu cha miche kule Area 49, Lilongwe, alisema wazi mbele yetu wote wawili: kila mfanyakazi anakuja na kisu chake, wembe hataki kuuona kwenye miche yake, na mwezi wa kwanza ni wa kujaribiwa. Miembe na miparachichi utakayounga ikishika, unabaki kazini. Ikikauka, unarudi huku kambini kukaa na mi, kuangalia mlima. Kwa hiyo usifikiri nililala usingizi mzuri hizi siku. Mtoto ambaye amepata kazi nje ya kambi, ruhusa imetoka, nguo zimekunjwa, halafu yote isimame juu ya kachuma kadogo ka kuingia mfukoni! Nilikuwa nakiona kile kisu hata kwenye sufuria ya maharagwe.

Lakini we ulivyokuja na ile simu, ukanionyesha picha, ukasema, "Mama, hiki njo kisu bantu ba kazi banatumia," mi nikasikia kitu kingine. Nikasikia kama unasema mi si mtu wa kazi. Nikakujibu, "Kisu ni kisu. Mi nimeunga miti ya nusu ya wilaya ya Dowa kwa wembe, na bantu banakula matunda yake mpaka leo." Na we, kwa ule mdomo wako, ukasema, "Mama, we unapenda kazi ikutese."

Wee! Nilitoka nje. Nilienda kule nyuma kwenye miche yangu, nikajifanya namwagilia, na maji yalikuwa yameisha kwenye kopo. Ile neno iliniuma, Riziki. Iliniuma kwa sababu nusu yake ni kweli.

Acha nikuambie wembe ulitoka wapi, maana sijawahi kukueleza. Kule Fizi, Kongo, kabla hatujakimbia, sikuwa naunga miti. Nilikuwa nalima muhogo na maharagwe kama bamama bengine, na michungwa yetu ilijiotea tu. Kuunga nilijifunza hapa, tulipofika, shamba hakuna, kuna ule ukanda wa nyuma ya nyumba ambao hata kuku akigeuka anagonga ukuta. Mzee mmoja wa Burundi, aliyeishi nyuma yetu kabla hajahamishwa, alinionyesha: unachukua mche wa mwembe wa mbegu, unaukata, unachomeka kijiti cha mwembe mzuri, unafunga na nailoni. Yeye alikuwa na wembe. Mi pia nikapata wembe. Hatukuwa na kitu kingine. Sasa angalia upumbavu: miaka ikapita, watu wakaanza kununua miche yangu, ningeweza kutafuta kisu kizuri, lakini mi nilikuwa nimeshaanza kujivuna na ule wembe. Kitu cha shida nilikifanya kikawa sheria, halafu nikakufundisha we hiyo sheria kama ni kitu kitakatifu.

Na wembe unadanganya, mwanangu. Unajipinda. We unadhani umekata sawasawa, kumbe umeacha kawimbi kadogo, kijiti na shina havikumbatiani vizuri, hewa inakaa katikati, kijiti kinakauka. Miche yangu mingi ilikauka. Nilikuwa nasema ni jua la Malawi. Nilikuwa nasema ni mbuzi ya jirani, na ile mbuzi, maskini, ilikuwa imefungwa kamba muda wote. Hata siku moja sikusema ni wembe. Ukiwa na kitu kimoja tu maishani unaogopa kukisema vibaya, unaona kama kitakusikia na kuondoka.

Halafu kuna ile habari nyingine, ya kidole gumba changu. We ulikuwa mdogo, unakumbuka damu tu, hukumbuki kisu. Kulikuwa na mwanaume alikuwa anapitisha vitu hapa sokoni kambini, saa, redio, mikanda, na siku hiyo alikuwa na visu vya kukunja vyenye ndege, eti orijinali, eti bazungu batupu njo banavitumia. Nilinunua. Nilitembea nacho siku nzima nikikifungua na kukifunga kama mtoto. Mpini uling'aa, ndege alikuwepo, lakini ukishika bapa linachezacheza. Nikajiambia, labda ni vile kinavyotengenezwa. Nikiwa nakata mparachichi, nimekaza, kikajikunja chenyewe juu ya kidole. Huyu ndege wa bandia nilimwangalia vizuri baada ya pale: alikuwa na shingo ya kuku.

Toka siku hiyo, mtu akinitajia marke, jina kubwa la kiwanda, mi namwona mwizi. Simu ya marke, wizi. Cherehani ya marke, wizi. Na we ukakua unasikia hayo. Lakini juzi njiani, kwenye minibasi, tulipofika Lumbadzi na bantu banashuka, bengine banapanda na magunia, nilikuwa nafikiri hivi: yule mwanaume aliiba jina la mtu. Kama aliiba, basi mwenye jina alikuwa na kitu cha kuibwa. Hakuna anayeiga kisu kibaya. Mi nilimkasirikia fundi, na mwizi akaenda zake na pesa yangu anakula nyama. Nimefanya hivyo mara nyingi maishani, si kwa visu tu, na ukifanya hivyo unaishi na hasira kubwa kwa mtu ambaye hakukukosea.

Lakini usicheke bado. Kuna pale nilikuwa na haki. Kile kingine ulichonionyesha, cheusi, chenye meno kama msumeno, eti kina bei ndogo na kinafunguka haraka ukibonyeza, hicho mi sikitaki hata leo. Fikiria polisi amesimamisha gari barabarani, anafungua mfuko wako, mkimbizi wa Kongo, na anakuta kile kitu. Utamwambia ni cha kuunga maembe? Hata mi mama yako ningekushuku. Kisu cha mtu kama sisi kinatakiwa kijieleze chenyewe: mpini wa mti, bapa dogo, kimeandamana na nailoni na vijiti ndani ya mfuko. Mmalawi akitaka anaweza kutembea na kisu cha kutisha, yuko kwao. We hapana. Sipendi kukuambia hivyo, lakini nakuambia.

Basi nikafika dukani. Ni lile duka la vifaa vya shamba, ulinielekeza vizuri, sikupotea. Kuna binti anauza, kijana kama we, nywele zimesukwa vizuri. Akaniuliza nataka nini: "Mukufuna chiyani, amayi?" Nikamwambia kwa Chichewa changu kile kilichovunjika miguu kwamba nataka kuona kisu cha ndege, na nataka kukijaribu. Akasema kujaribu namna gani? Nikafungua kikapu. Nilikuwa nimekuja na vijiti vya mwembe, vibichi, nimevifunga na kitambaa chenye maji. Yule binti alicheka mpaka akaita mwenzake aje kuona. Acha bacheke. Mi sinunui kisu kwa kukiangalia uso.

Kabla ya kukata nikamuuliza kwa nini bei inapanda hivyo. Akaanza: chuma ni kizuri, kimepikwa vizuri, makali yanakaa, resori ya kukunjia haichoki, halafu kina garanti ya maisha yote. Nikamuuliza, maisha ya nani? Akasema, "Yenu, amayi. Kikivunjika mnakileta na risiti, sisi tunakituma kiwandani." Nikamwangalia. Nikamwambia, "Binti yangu, mi nilikimbia na mtoto mgongoni, karatasi ya nyumba yangu mwenyewe niliiacha juu ya meza. Leo njo nitachunga risiti ya kisu maisha yote?" Akacheka tena, lakini nikaona macho yake yamebadilika kidogo. Akanipa kile kisu.

Haki ya Mungu, Riziki, nilitaka kiwe kibaya. Nilikuwa naomba kiwe kibaya, nirudi nyumbani nikiwa mshindi, nikuambie si nilikuambia. Nikakifungua. Hakikuchezacheza. Kilifunguka kikasimama, tulii. Nikashika kijiti, nikavuta mara moja kwa mkono wangu wa kuume. Eh! Nilikata kama napaka mafuta. Ule mkato ulikuwa sawa, unang'aa, hakuna wimbi. Nikakata kijiti cha pili, nikaviweka pamoja, vikashikana kabla hata sijavifunga. Nilisimama pale dukani kama mjinga, nafikiria ile miche yote ambayo nilisingizia mbuzi. We ulikuwa na haki. Naiandika hapa kwa mkono wangu ili usinisumbue kuirudia kwa mdomo: ulikuwa na haki.

Nilikuwa nimeshatoa pesa ndani ya kitenge. Pesa ilikuwa mkononi, Riziki, yule binti amenyoosha mkono wake. Halafu nikasema ngoja, anayetumia si mimi, acha nikate vile mtoto wangu anakata. Nikakihamishia mkono wa kushoto.

Kisu kikakataa. Kilizama ndani ya kijiti, kikala upande, kikatoka na kipande. Nikasema labda ni mkono wangu haujazoea. Nikajaribu tena polepole, kikazama tena. Nikakigeuza nikaangalia makali kwa karibu, na hapo njo nikaona: kimenolewa upande mmoja tu. Upande mwingine ni bapa tupu, sawa kama meza. Nikamuuliza yule binti. Akaenda kuuliza mwenye duka, akarudi, akasema, "Ah, kumanzere, kushoto! Amayi, hivi vyote vinatengenezwa kwa mtu wa mkono wa kuume. Cha mkono wa kushoto kipo, kinatengenezwa na hao hao, lakini hapa hatukiweki. Mpaka kiagizwe."

Wembe umenolewa pande zote mbili. Unaelewa? Njo maana miaka yote umekata na mi, bega kwa bega, hatukujua. Wembe haukujali mkono gani umeushika.

Na mi nikaona picha nzima, pale pale, bantu banapita na mbolea na majembe. Nikaona kama ningekinunua. Ungekipokea kwa furaha, ungeenda nacho Area 49, ungekaa mbele ya yule mama mwenye kitalu, na kisu cha bei kali, cha marke, kingekuharibia mche wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Na we usingesema kisu ni kibaya. Ungesema, mkono wangu njo mubaya. Kwa sababu hivyo njo tulikuambia.

Koko yako, mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anakufunga ule mkono na kitambaa wakati wa kula ili ujifunze kula na wa kuume. Alisema mtoto wa kike anayetoa chakula kwa mkono wa kushoto hatapata mtu wa kukipokea. Mi nilikuwa nakaa pembeni nasema, "Mama, legeza kidogo, unamuumiza." Legeza kidogo! Sikusema fungua. Na koko alipokufa, mi niliendelea, bila kitambaa. Nilikuwa nakupiga kavidole na mwiko. Kanisani mtu mzima akikunyooshea mkono, nilikuwa nakubana bega, na we ulikuwa unajua, unabadilisha. Mpaka leo unabadilisha. Nimekuona wiki hii unaaga bantu, kila mmoja unaanza na kushoto, unashtuka, unaurudisha, unatoa wa kuume. Msichana mkubwa hivyo, anashtuka juu ya mkono wake mwenyewe. Nilisikia uchungu sana, mwanangu. Ile haikuwa adabu. Tuliiita adabu.

Kwa hiyo nikamrudishia yule binti kile kisu, nikamwambia hiki hapana. Agizeni cha mkono wa kushoto. Akasema itachukua muda, na ni lazima nilipe kabla. Nikalipa. Pesa yote ya kisu imebaki kule, njo maana ulinikuta mikono mitupu. Sikukuambia usiku ule kwa sababu ulikuwa umenuna na mi nilikuwa nimenuna zaidi yako, na pia nilitaka kwanza nimalize jambo lingine.

Jambo lenyewe liko ndani ya soksi yako ya kijani, chini ya mfuko. Ni kisu cha kukunja cha kawaida, cha mpini wa mti, hakina ndege, hakina jina, nilikipata sokoni wakati wa kurudi kwa chenji iliyobaki, nikakificha ndani ya kitenge. Nimekinoa mwenyewe juu ya jiwe jana mchana kutwa ulipokuwa unazunguka kuaga. Upande mmoja nimeulaza bapa, upande mwingine nimeutoa makali, kwa ajili ya mkono wako. Chuma chake si kama kile, kitapoteza makali haraka, utakinoa kila asubuhi kabla ya kazi na utamaliza mwezi wa kujaribiwa nacho. Nimekipima. Nimekata vijiti na mkono wangu wa kushoto mpaka mkato ukatoka sawa. Kile kidonda ulichoniuliza jana jioni, kwenye kidole cha kuume, nikakuambia nimejikata na kopo, si kopo. Mkono wangu wa kushoto ni mjinga kabisa, Riziki, haujui kitu, na nilikaa pale nimeukasirikia, nikafikiri, kumbe hivi njo tulimfanya mtoto ajisikie kila siku mezani.

Bon. Umeniuliza swali, nakujibu sasa. Kinafaa. Jina lisikudanganye, na ile garanti uwaachie bale benye anwani isiyohama. Kinafaa kwa sababu chuma chake ni cha kweli, hakitajikunja juu ya kidole chako, na kwa sababu kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiria kwamba kuna bantu banaokata na mkono wa kushoto, akabatengenezea chao, bila kubafunga kitambaa. Kwa hilo peke yake ningelipa mara mbili.

Lakini mwenye kuamua kwa mwisho si mimi. Nimeacha namba yako ya simu dukani, si yangu. Kikifika watakupigia we. Nenda na vijiti vyako, acha yule binti acheke, kata mbele yake. Nimeelewana na mwenye duka: kikikupendeza, chukua. Kisipokupendeza, anakurudishia pesa, na usiniogope, usinipigie kuuliza. Mi nimeshafanya sehemu yangu na sina mashaka nayo. Miche ya yule mama itashika. Utabaki kule. Nalisema hilo kama ninavyosema kesho kutakucha.

Nasikia nyimbo zinaisha, sasa hivi mnatoka. Naomba kitu kimoja tu. Kesho kwenye minibasi bantu watakuwa wengi, bamama ba kanisa watakuwepo, na bengine ba zamani wanaojua koko yako alikuwa nani. Ikifika zamu ya kuniaga, usishtuke, usibadilishe. Unipe mkono wa kushoto, mbele yao wote, na mi nitaupokea.

Mama yako